Kompyuta Iliyokufa Kioo

Kompyuta yangu ya zamani ilikufa wakati mtihani wa kujipima wa kidato cha nne unabisha hodi, na mwalimu wa taaluma hakunizungusha. Aliniita pembeni, kwa ule upole wa mtu anayejua kwamba anachotaka kusema kitauma, akaniambia mtihani wangu wa Kiswahili lazima umfikie Jumatatu ukiwa umechapwa. Usipomfikia, darasa atalichukua yeye mpaka nitakapopata mtu wa kuniandikia. Naye pia ni mwalimu wa Kiswahili, anafundisha kidato cha pili, kwa hiyo hakuwa anatishia kwa hewa.

Wale watoto nilikuwa nao tangu wanaingia kidato cha kwanza. Nawajua kwa sauti, kwa miguu, na kwa visingizio. Namjua anayekohoa akiwa hajui jibu. Kumwachia mtu mwingine darasa kama hilo karibu na mtihani wa taifa ni sawa na kumwachia jirani shamba ambalo mahindi yameshakauka, yanasubiri kuvunwa tu. Na huyo mtu wa kuniandikia nisingemkubali hata angeletwa na askofu. Mtihani ni siri. Ukishamtamkia mtu maswali, siri imekwenda, na shuleni kwetu zilishakwenda siri kadhaa.

Mimi sioni. Surua ilinipitia nikiwa mtoto kule Mbeya, na habari hiyo naiacha hapo, maana watu wakianza kuisikia husahau kuniuliza kitu kingine chochote. Kompyuta yangu huwekwa programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, nami naandika kwa vidole vyote kama mtu yeyote aliyefundishwa vizuri. Kwa hiyo watu wanaposema nina kompyuta "ya kusaidiwa" huwa nachukia. Ni kalamu yangu. Wao za kwao wanaziitaje?

Namna ile ya zamani ilivyokufa ni kisa. Feni yake ilianza kukoroma, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, bwana mstaarabu, mwenye pole nyingi. Iliporudi, feni ilikuwa kimya, na kompyuta yenyewe kimya. Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, kimya kama kaburi. Nikampigia simu. Akanieleza kwa fahari kwamba feni ameshabadilisha, na zaidi ya hapo amenitolea, bure kabisa, kirusi kimoja kibaya sana kilichokuwa kinabwabwaja maneno kila alipogusa kitufe. Jamani! Nilicheka, halafu nikalia kwa hasira, halafu nikatafuta mtu wa kunirudishia kirusi changu. Lakini katika kukifukuza, yule bwana alikuwa amevuruga na mengine, na haukupita muda mrefu ikagoma moja kwa moja.

Ofisi ya walimu ikajaa washauri. Mmoja alisema safari hii nichukue yenye kioo kikubwa. Mwingine akasema hapana, kioo cha kugusa ndicho cha kisasa. Nikamuuliza nitakigusa wapi. Hawakuwa na ubaya wowote. Mtu mwenye macho hununua kwa macho, na akitaka kukusaidia anakuazima hayohayo macho yake, uyatake usiyatake.

Mume wangu ni karani bandarini Kasanga, anahesabu mizigo ya kwenda Zambia na Kongo, na aliposikia akasema nimsubiri aje tukanunue wote. Sikuwa na siku za kusubiri. Bahati njema mama yake alikuwa amekuja kutoka Msanzi kutuletea ulezi, akasema atanipeleka yeye. Sasa, mama mkwe wangu ni mwanamke anayenunua chungu kwa kukigonga kwa kidole na kukisikiliza, na mwenye chungu akizidisha maneno anaambiwa anyamaze ili chungu kisikike. Nikaona nimepata mtu. Jumamosi asubuhi tukajifunga mitandio, maana upepo wa Sumbawanga hauna adabu saa zile, tukashuka mjini.

Mwenye duka alimwamkia mama shikamoo, kisha akamuuliza huyu anataka ya namna gani. Huyu ni mimi. Mama akamjibu, kwa Kiswahili chake chenye Kifipa ndani, kwamba mwenye kununua ana mdomo. Yule bwana akacheka, akaniomba radhi, na katika kuomba radhi nikasikia lafudhi ya kwetu Mbeya. Tukatambuana. Yeye aliletwa Rukwa na biashara, mimi nililetwa na ajira, na wote wawili tulikuwa tumeshazoea baridi. Nikadhani mambo yatakuwa mepesi.

Akaanza kunisifia vioo. Kioo hiki kinang'aa hivi, kile rangi zake ni za kweli kabisa, ukitazama mpira unaona mpaka jasho la mchezaji. Nikamwacha amalize, maana alikuwa na furaha yake. Kisha nikamwomba azipange mezani zote, aziwashe, aniachie. Nikatoa flashi yangu yenye ile programu ya kusoma, ambayo ukiichomeka tu inaanza kazi, nikaanza kuzipitia moja baada ya nyingine.

Ya kwanza mama aliipenda kwa wembamba wake, lakini vitufe vilikuwa bapa kama sakafu, kidole hakijui kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Iliyofuata ilikuwa na vitufe vizuri, ila haikuwa na ule upande wa namba kulia, na mimi huko ndiko ninakoiamuru isome mstari, irudie neno, ifunge mdomo. Nyingine ilikuwa na kila kitu, lakini spika zake zilisinzia. Ikikaa kimya kidogo, ikirudi kusema inameza mwanzo wa neno. Kwa mwenzangu anayeona hilo si neno, lakini Kiswahili chetu mambo yake makubwa kinayaweka mwanzoni, na mimi siwezi kusahihisha insha bila kujua aliyeondoka ni mmoja au ni wengi. Ya mwisho ilichelewa. Nabonyeza, inatulia, inafikiri, ndipo inajibu, kama mtoto aliyeulizwa nani kavunja kikombe. Mwenye duka akasema hiyo ndiyo inayochukuliwa na maofisa wote mjini. Nikamwambia maofisa wote mjini wanaona, hawajui kama inachelewa kusema.

Nilianza kuvunjika moyo, sifichi. Nilimfikiria mwalimu wa taaluma akisimama mbele ya darasa langu na chaki yake. Hapo akaingia mteja anayetaka kuingiziwa nyimbo kwenye simu, mwenye duka akageukia kona, akaanza kuchapa kwenye mashine nyingine ambayo hakuwa amenionyesha. Nikasikia vitufe. Vilikuwa virefu, vizito kidogo, kila kimoja kikishuka na kupanda mahali pake, na alipobonyeza cha mwisho wimbo ukaanza palepale, bila kuvuta pumzi. Nikauliza ile ni ipi.

"Hiyo haiuzwi, dada," akasema. "Ni mbovu. Kioo chake kimekufa."

"Kioo kimekufa. Na yenyewe je?"

Akasita. "Yenyewe nzima. Ndiyo tunayofanyia kazi."

Akanieleza kwamba ilitoka ofisi fulani, ilianguka, kioo kikawa cheusi tii, naye akaiunganisha na televisheni ya dukani ili apate kuona anachofanya. Kwa nguvu ilizishinda zote zilizokuwa mezani. Nikamwomba achomoe waya wa televisheni. Akachomoa, na mama mkwe akasema kwa masikitiko kwamba imezima. Nikachomeka flashi, nikasubiri kidogo, ikasema. Ikasema haraka, safi, bila kumeza kitu, na nilipoiamuru inyamaze ilinyamaza kabla sijanyanyua kidole. Upande wa namba ulikuwapo. Nikafungua ukurasa, nikaandika mistari kadhaa, nikaifanya inisomee kwa mwendo wangu wa kawaida, ambao ni wa mbio, na yule mteja wa nyimbo akauliza kama mashine nayo imeokoka, inanena kwa lugha. Nilifurahi mpaka nikajisikia aibu kufurahi hivyo mbele za watu. Nikasema nimepata, naichukua hii.

Mwenye duka akakataa katakata. Hakukataa kwa ubaya, alikataa kwa hofu. Mji wetu mdogo, akasema, kesho kila mtu atajua kwamba fulani amemuuzia kipofu kompyuta mbovu, amemwona haoni akamsukumia, na jina lake litakwisha sokoni. Yuko radhi kunipunguzia bei ya zile nzuri. Na aliyemuunga mkono ni nani? Mama mkwe wangu mwenyewe, akisema Msanzi wakisikia alinisindikiza nikauziwa kitu kilichokufa, ataficha wapi uso.

Hapo nikapandisha. Nimelindwa sana katika maisha yangu, na kulindwa kwenyewe kunachosha kuliko kuumizwa. Nikawauliza hicho kioo wanachonililia ni cha nani, maana hata kingekuwa kizima kingekuwa kinamwangazia nani, nzi? Nikawaambia nyumba njema si mlango. Mama akanijibu palepale kwamba nyumba isiyo na mlango huingia mbuzi, na yule mteja akacheka mpaka akakohoa. Hata mimi nilicheka, lakini sikushuka. Nikarudia kueleza mbele yao wote: Jumatatu nisipopeleka mtihani, darasa limekwenda, na kati ya mashine zote za duka hili ni hiyo moja tu inayoweza kunipa darasa langu.

Mama mkwe akasogea mezani. Kisha akaniambia niifanye isome polepole. Nikapunguza mwendo. Akainama karibu, akaisikiliza mpaka mwisho wa ukurasa, na mwenye duka alipotaka kuongeza neno akaambiwa anyamaze. Akamuuliza kama kasoro ni hiyo moja tu. Akajibiwa ni hiyo moja tu, haki ya Mungu.

Basi akasema kwao ng'ombe wa kulimia mwenye kasoro hauzwi kimyakimya. Mwenye ng'ombe anaita majirani, anaisema kasoro kwa mdomo wake, mnunuzi anajibu kwamba ameisikia, biashara inafungwa. Baada ya hapo, atakayeinong'ona ndiye mwenye aibu. Akatoka barazani, akamwita mama muuza vitenge wa duka la jirani na fundi viatu aliyekaa pale nje, wakaingia, na mteja wa nyimbo akahesabiwa naye kuwa shahidi kwa kuwa alikataa kuondoka. Mwenye duka akakohoa kidogo, akaona haya, kisha akasema kwa sauti kwamba kompyuta hii kioo chake kimekufa, na mwalimu ameambiwa.

"Nimesikia," nikasema. "Naitaka hivyohivyo."

Jambo hilo halikuwa geni kwangu. Siku niliyopelekwa kutambulishwa ukweni, wakati wazee wa ukoo wamekaa na mimi nimejikunyata kwenye mkeka, huyuhuyu mama alisimama akasema: "Binti haoni. Nimelisema mimi mama wa mume, basi lisisemwe tena chinichini." Nilitamani ardhi ipasuke. Usiku ule nililia, nikamwambia mchumba wangu mama yake amenitangaza kama mzigo. Lakini miaka yote niliyoolewa, katika ukoo ule mkubwa wenye midomo mingi, sijawahi kuingia chumbani nikakuta minong'ono inakatika. Pale dukani, nimeshika kompyuta yangu mkononi, ndipo nilipojua alinifanyia nini. Kweli alinitangaza kama ng'ombe wa kulimia. Namshukuru mpaka leo. Tulipotoka nje nilimshika mkono kwa nguvu kuliko njia ilivyohitaji, akaniuliza kama nimejikwaa.

Jumapili, baada ya mama mkwe kurudi misani, nilikaa mezani nikaandika mtihani mzima, ufahamu, ufupisho, sarufi na fasihi. Umeme ukakatika katikati kama kawaida yake, na betri ikaendelea tu, maana haikuwa na kioo cha kulisha. Mama mkwe alikuwa anapepeta ulezi uani, na kila nilipogonga vitufe kwa kasi alikuwa anasema jamani hayo mahindi yanavyopukuchuliwa.

Jumatatu nikaingia ofisi ya walimu, nikaifungua mezani. Nikasikia viti vinasogezwa. Mwenzangu wa Jiografia akanipa pole, kwamba wameniibia, kioo cheusi kabisa. Nikaanza kuandika, na mmoja akasema mashine nyeusi tii inaandikwa na mtu asiyeitazama, na hapa tuko Sumbawanga, mji ambao watu wa mbali wakiusikia tu wanafikiria uchawi, wanatafuta rozari. Nikawaacha wacheke. Mwalimu wa taaluma alipokuja nikamwomba aunganishe waya wa printa, nikabonyeza, printa ikaguna, karatasi zikaanza kutoka moja baada ya moja.

Alizisoma akiwa amesimama. Nilisikia anafunua mbele, anarudi nyuma, anafunua tena, na nilijua anatafuta kosa. Hakupata. Akasema mtihani ni mzuri. Lakini kuhusu darasa akasema tutaona, maana mtihani mmoja si muhula, na mashine iliyokufa kioo haijulikani itakufa nini kesho. Nilitoka pale nimeshinda nusu, na ushindi wa nusu unauma zaidi ya kushindwa.

Haikuchukua muda. Mtihani uliovuja safari hiyo ulikuwa wa kidato cha pili, wa mwalimu wa taaluma mwenyewe. Meza yake iko dirishani, kompyuta yake ina kioo kikubwa kinachong'aa vizuri sana, na wanafunzi waliokuwa wanadeki barazani nje walisimama kwa zamu wakayasoma maswali yote, wakayanakili, wakayapeleka bwenini. Mkuu wa shule akamtaka atunge mwingine kabla ya siku ya mtihani kufika. Mchana ule nilikuwa peke yangu ofisini, nimevaa hedifoni, nasahihisha insha. Nikasikia kiti kinavutwa karibu na meza yangu, na mtu akakaa.

Nikavua hedifoni. Alikuwa yeye. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama ningeweza kumwandikia mtihani wake kwenye mashine yangu, kwa kuwa ndiyo pekee shuleni ambayo hakuna mtu anayeweza kuichungulia. Nikamwambia naweza, atamke tu.

"Nitajuaje kama umeandika nilichosema?" akauliza. "Sioni kitu."

"Hutajua, mwalimu. Utaniamini."

Niliisikia pumzi yake ikishuka. Kisha akasogeza kiti karibu zaidi, akaanza kutamka swali la kwanza kwa kunong'ona, nami nikaandika. Alitamka polepole mwanzoni, kama anayemsindikiza mgonjwa, halafu alipoona vidole vyangu vinamsubiri akaongeza mwendo. Tukaenda hivyo mpaka mwisho. Nikaupeleka printa, nikamkabidhi nakala moja, akaisoma kimya. Alipomaliza akasema kidato cha nne ni changu mpaka wamalize shule, na kwamba atamwambia mkuu leo hii, kwa mdomo wake.

Nilitaka kuruka. Badala yake nikamshukuru kwa heshima zote, kisha nikamwambia swali lake la saba lina majibu mawili sahihi. Akafunua karatasi, akalitafuta, akalisoma mara mbili, akacheka. Halafu akavuta tena kile kiti, akaketi, akaniomba tulirekebishe.